Kamusi Niliyosema Nimeimaliza

Nilipomaliza kidato cha nne nilimwambia baba kwamba kamusi nimeimaliza. Alikuwa ameniuliza kwa nini siku hizi haioni mikononi mwangu, ile kamusi nene ya Kiingereza kwa Kiswahili ambayo aliuza mbuzi wawili ili aninunulie kwa mfanyabiashara mmoja pale Mbulu mjini. Ningeweza kumjibu kwamba nimeiweka sandukuni. Ningeweza hata kumwambia nimeichoka. Nikamwambia nimeimaliza, kama mtu anavyomaliza sahani ya makande. Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kumaliza kitabu chochote zaidi ya kile cha nyimbo za kanisani, aliitikia kwa kichwa, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari kwamba binti yake ana Kiingereza chote kichwani, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefeli. Tena si kule kufeli kwa kupungukiwa alama mbili tatu. Nilipanda basi hadi shuleni kuangalia matokeo, nikayakuta yamebandikwa ubaoni, jina langu liko chini kabisa, mahali ambapo aliyeyaandika alishachoka na mwandiko wake umeanza kulala. Nikarudi nyumbani nikasema nimefaulu ila nafasi haijatoka. Nafasi hiyo iliendelea kutotoka kwa mwaka mzima, na kila aliyeniulizia habari zake nilimtazama kama mtu aliyenikosea adabu.

Tuliishi Gendabi. Wazazi wangu waliteremka kutoka Masieda kabla sijazaliwa, kwa sababu kule juu mashamba yalikuwa yameshagawanywa mpaka yakabaki ukubwa wa mkeka. Upande mmoja tulipakana na wafugaji, na upande mwingine, mwendo wa saa moja kwa miguu, ngano ya serikali ilianza, na ikishaanza haiishi mpaka macho yachoke yenyewe. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake kule shambani: dereva wa trekta, fundi, mlinzi, kibarua. Hivyo Kiingereza kilitufikia kwa njia ya makopo, magunia, barua za ofisini na mashati ya mitumba, na vyote vililetwa kwangu nivisome.

Watu hao walikuwa na tabia moja iliyonichekesha sana. Mtu akija na karatasi, anasalimia, anaeleza habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, ndipo anaitoa. Naisoma palepale na kumpa jibu. Lakini haichukui. "Iache tu kwako mpaka kesho," anasema, "nitaipitia." Kesho yake anapita, na kabla ya kuipokea anauliza, "Bado inasema vilevile?" Namjibu kwamba bado inasema vilevile, au namwongezea kitu nilichodai nilikisahau jana. Nilidhani wanaamini kwamba maandishi hubadilika yakilala, kama maziwa. Niliwadharau wote, wazee kwa vijana, na nilipokuwa peke yangu nilikuwa nawaigiza: "Bado inasema vilevile?"

Upumbavu wao, nilivyouita, ulinifaa. Wakishaondoka tu nilikuwa napanda darini, juu ya banda la ndama, ambako mama aliweka mbegu na mimi nilificha kamusi ndani ya gunia la maharage. Huko ndiko nilikotafuta yale niliyokwisha kuyajibu. Mara nyingine nilikuta nimepatia. Mara nyingi zaidi nilikuta nimedanganya, na kama uongo wenyewe haukuwa na madhara niliuacha. Kumfungulia mtu kamusi usoni pake kungekuwa sawa na kuvua nguo. Mtu aliyeimaliza kamusi anaifungua ya nini?

Huko darini ndiko nilikogundua kwamba adui yangu katika Kiingereza si maneno marefu. Neno refu lina maana moja, unalikuta limekaa mahali pake, unalichukua unaondoka. Adui ni vineno vifupi. Kuna kitenzi kimoja cha herufi tatu, maana yake ni kuweka tu. Kiongezee kineno cha juu, unakuwa umempa mgeni mahali pa kulala. Kiongezee cha nje, umezima moto. Kiongezee cha chini, umemuua mbwa mgonjwa. Nilikaa na kitenzi hicho alasiri nzima, jasho linanitoka, nikawaza juu ya watu wanaozaliwa na lugha kama hiyo, namna wanavyoaminiana.

Nao hawaaminiki. Baba alinipeleka ofisini kule shambani kuniombea kazi ya ukarani. Mtaalamu wa kizungu, mtu mrefu mwenye magoti mekundu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa upole kwa sentensi iliyoanza na neno ninaogopa. Neno hilo nililijua vizuri. Nikageuka nyuma nione anachokiogopa. Hakukuwa na kitu, ila baba, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Kumbe Mzungu akitaka kukunyima kitu husema anaogopa. Anaogopa hakuna kazi, anaogopa gari limejaa. Nilikuja kulielewa hilo siku kadhaa baadaye, darini. Siku yenyewe nilimwambia baba kwamba yule bwana amesema nisubiri, na baba akaenda akalitangaza na hilo.

Nilikuwa mkatili wakati huo, nisijipambe. Mzee mmoja wa kanisa alinunua shati la mtumba lenye maandishi makubwa kifuani, akaja kuniuliza yanasemaje, na kwa adabu ile ile ya kwao akalivua akaliacha, akarudi kwake na koti juu ya ngozi. Niliyatafuta. Yalisema mvaaji ni mama mtarajiwa. Kesho yake nilimwambia yanasema Mungu ni mwema. Alilivaa Jumapili hadi Jumapili, akilipigia pasi ya mkaa, akisimama mbele yetu kutangaza matoleo, na mimi nilikaa benchi la nyuma nikijiuma ulimi hadi machozi yanitoke. Watu walidhani nimeguswa na neno.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenisumbua: shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikuwa chini ya kwetu, tumetenganishwa na ua wa minyaa. Alikuwa na mdomo mchafu na hakumbagua mtu. Siku ya kwanza nilipokwenda sekondari yeye ndiye aliyenibebea sanduku kichwani hadi kituo cha basi, na njia nzima alinitukana kwa uzito wa sanduku hilo. Niliporudi na kusema nimefaulu, wengine walinipongeza. Yeye alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akamwambia mama kwa sauti ambayo nami niliisikia kutoka jikoni, "Huyu mtoto hajui kitu." Akaendelea kuongea, lakini mimi nilishatoka nje kwa hasira na sikusikia mengine. Baadaye nilimsikia akilisema tena kisimani, nikabeba ndoo yangu nikaondoka kabla hajamaliza. Nilimchukia. Nikimwona anateremka na fimbo yake nilitamani aanguke.

Mwaka mmoja nguruwe pori waliingia katika mahindi yake na kuyamaliza. Msimu wa kupanda ngano akaenda shambani kufanya kibarua, kazi ya kusimama nyuma ya mashine ya kupandia na kuangalia mbegu isikwame. Mbegu ile haikuwa na rangi ya ngano. Ilikuwa na wekundu uliofifia, na ilipaka mikono. Nyapara wa vibarua alikuwa anatangaza kila asubuhi kwamba ina sumu, atakayeila atakufa. Vibarua wakaambizana kwamba nyapara anawatisha ili wasiibe, kwa kuwa tangu lini chakula kikawa sumu, na wakaiba vilevile, ndani ya buti na kwenye mafundo ya vitenge. Wengi waliipanda katika vishamba vyao, jambo lililokuwa na akili. Shangazi alikuwa hana muda wa kusubiri kitu kiote. Gunia zima lilidondoka kutoka kwenye trela, yeye akalisukumia mtaroni, na siku ya pili akalifuata na punda.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaja kwetu. Baba na mama walikuwa uani na yule mzee wa kanisa, shati lake kifuani, wanakunywa chai. Nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwenye Kiingereza, njoo hapa." Akafungua fundo la kitenge na kutoa lebo, kile kikaratasi kigumu kinachoshonewa mdomoni mwa gunia. Alizungumza mbele ya mzee wa kanisa kana kwamba gunia limekuja kwake lenyewe. "Nyapara anasema ngano hii ina sumu. Watu wanasema nyapara ni mwongo. Mimi nyapara simjui na watu siwaamini. Nisomee."

Juu ya lebo kulikuwa na jina la mbegu na tarakimu nyingi. Chini kulikuwa na maneno matatu kwa wino mwekundu. La kwanza nilikuwa silijui. La tatu nilikuwa silijui. Nililijua la katikati, na hilo lilikuwa kineno cha herufi mbili ambacho peke yake hakina kazi yoyote duniani. Nikainua macho. Wote walikuwa wananitazama, vikombe mikononi. Shangazi alitupa jicho mara moja kwenye ngazi ya dari, kisha akanirudishia mimi.

"Huna haraka, mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikajua huu ni mtego: anajua kuna kitu darini, anangoja nipande mbele ya watu ili aniumbue. Damu ilinipanda. Nikayasoma yale maneno matatu kwa sauti, kupitia puani, kama mwalimu wetu wa kemia alivyokuwa anasoma, kisha nikasema, "Inasema imetiwa dawa ya wadudu. Wadudu wa ghalani."

"Wadudu tu?"

"Wadudu tu. Ukiosha inatoka."

"Na haya mekundu?"

"Ndiyo hayo hayo."

Mzee wa kanisa akasema alijua. Baba akatabasamu ndani ya kikombe chake. Shangazi hakutabasamu. Akaiweka lebo juu ya kigoda karibu yangu. "Haya. Ikae kwako mpaka kesho," akasema, akachukua fimbo yake.

Walipotawanyika nikapanda darini. Jua bado lilikuwa juu na mwanga ulipenya vizuri kwenye nyufa za ukuta. Neno la kwanza nililipata upesi: lenye hatari. La tatu lilinichukua muda kwa sababu nililitafuta kwa herufi isiyo yake, halafu nikalipata: kumeza, kuingiza tumboni. Nikayasoma tena yote mawili nikiwa nimeyawekea kidole. Hayakuwa na maana ya pili wala ya tatu, kama vile vineno vifupi vilivyonitesa. Yalikuwa wazi kuliko neno lolote nililowahi kulitafuta.

Nataka niseme nilichohisi. Nilifurahi. Kutoka pale darini nilimwona shangazi kupitia ufa, ng'ambo ya minyaa, ameinama juu ya karai, anaosha ngano yake na kumwaga maji mekundu, anaosha tena. Nikawaza: acha tumbo limsokote siku mbili, ashike adabu, ajue ubaya wa kumtega mtu mbele ya wageni. Nilikuwa nafikiria kuhara tu. Sikujua kwamba kuna sumu isiyokuwa na haraka. Lakini nilijua ni sumu, na nilijua ni ya kumeza, na nilishuka nikaenda kukamua ng'ombe.

Asubuhi alikuja mapema. Nilikuwa nafagia uwanja.

"Jana nilimpa kuku kwanza," akasema. "Yuko hai, anatembea, anagombana na wenzake." Akasubiri. Mimi nikaendelea kufagia. "Na ile lebo? Bado inasema vilevile?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Uwanjani hakukuwa na mtu mwingine, baba alikuwa malishoni, mama kisimani. Ilikuwa ni kusema tu, shangazi, nimeiangalia tena. Lakini kuiangalia tena kungetaka kamusi, na kamusi nilishaimaliza.

"Inasema vilevile, shangazi."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Akaichukua, akaifunga kwenye fundo la kitenge chake. "Mungu akubariki," akasema. Hakuwahi kunibariki pia, na nikaihesabu hiyo kuwa ni kejeli.

Ngano ile aliisaga kwa jiwe ndani ya nyumba yake, maana kuipeleka mashineni kungemtangaza. Akaila kwa uji, kwa ugali, kwa chapati, asubuhi na jioni. Hakuwa mtu wa kugawa. Mtoto wa jirani akipita alikuwa anafunga mlango, na uchoyo wake huo, Mungu anisamehe, ndio uliookoa watoto wa kijiji kizima.

Wiki kama mbili zilipita. Mama akanituma kwake kuazima ungo. Nilimkuta mekoni, chapati tatu ziko kwenye sahani, zimepakwa samli.

"Kaa ule," akasema.

"Nimeshiba, shangazi."

Kwetu mtu hasemi hivyo. Hata ukiwa umeshiba unamega kipande, unakila, unashukuru. Akanitazama huku mkono wake umenyooshwa, chapati inaning'inia. "Nimekupa kwa mkono wangu," akasema taratibu.

"Nimeshiba."

"Sawa. Kiingereza kimemshibisha." Akaikunja ile chapati, akaila mwenyewe mbele yangu, akitafuna kwa makusudi ili nione ninachokikosa. Nilimwangalia koo lake likishuka na kupanda. Nikachukua ungo nikaondoka. Njiani nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimekasirikia nini.

Gunia lilipokaribia kwisha, alianza kulalamika kwamba midomo yake inawasha na vidole vimelala. Halafu akaanza kudondosha vikombe. Halafu miguu. Alikuwa anatoka kwake ameshika ua, akiuachia anakwenda pembeni kama ndama wa siku moja, na ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka yamelainika. Watu walimwona anavyotembea na wakamsikia anavyoongea, wakaamua. Yule mzee wa kanisa alisimama na shati lake la mama mtarajiwa akatangaza kwamba mama fulani, tusimtaje, ametengwa na meza ya Bwana kwa ajili ya ulevi, mpaka atakapotubu. Kila mtu aligeuka kumtazama. Shangazi akajaribu kusimama ajibu, akaangukia benchi la mbele, na kuna waliocheka. Akasema, "Sijanywa." Aliposema ilisikika kama mlevi hasa.

Mimi nilikuwa benchi langu la nyuma. Nilikuwa najua. Wakati huo nilishajua kwamba si pombe wala si uchawi, na kila usingizi niliolala ulikuwa wa wizi. Ningesimama pale ningesema. Niliimba wimbo wa kutawanyika pamoja na wengine.

Macho yalipoanza kumwishia, akisema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, baba alimhamishia kwetu. Kisha akaomba lifti ya lori la ngano, akampeleka hospitali. Walikaa huko karibu mwezi. Waliporudi, shangazi alishushwa amebebwa, akalazwa kwenye kitanda cha ngozi sebuleni, na baba akatoa bahasha mfukoni. Daktari alikuwa amemweleza, lakini haraka haraka, kwa Kiswahili cha mgeni, na baba alitaka kuelewa neno kwa neno. Tulikuwapo wanne tu: baba, mama, shangazi na mimi.

"Soma," akasema.

Nikaikunjua barua. Nikaanza kusoma kupitia puani.

"Acha," baba akasema. "Usikisie. Panda ukalete kamusi."

"Kamusi ipi?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama anavyomtazama ng'ombe mgonjwa anayemhurumia. "Hiyo iliyo kwenye gunia la maharage," akasema. "Mama yako hutoa maharage humo kila juma, unadhani haioni? Unadhani watu huacha karatasi zao hapa kwa ajili ya nini? Tuliona una aibu. Tukasema upewe muda, uangalie ukiwa peke yako, halafu mtu arudi kesho aulize tena. Jibu la siku ya kwanza hakuna aliyekuwa analishika."

Nilisimama na ile barua mkononi.

"Ni yeye aliyetuambia," akasema, akionyesha kitandani kwa kidevu. "Siku uliyorudi. Alisema, huyu mtoto hajui kitu, lakini kile kitabu kinajua, basi mwachieni karatasi ilale naye, msimwaibishe. Akazunguka kijiji kizima kuwaambia watu."

Nilipanda darini, nikashuka na kamusi. Mama akaisogeza meza mlangoni ili nipate mwanga, akawafukuza kuku. Nikaifungua mbele yao kwa mara ya kwanza, nikatafuta neno, nikaliandika pembeni ya barua, nikatafuta lingine. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyecheka. Baba alikaa na mikono magotini akisubiri, kama mtu anayesubiri chai ichemke, na nilipokosea herufi nilirudi nyuma nikaanza upya. Barua ilisema ni sumu iliyotoka kwenye nafaka ya mbegu, imeingia kwenye mishipa ya fahamu, na kilichoharibika hakitarudi. Nikawaambia hivyo, bila kupunguza.

Shangazi alikuwa ameelekeza uso kwenye dari, macho wazi. Ilibidi tumsogelee ili tumsikie.

"Basi siku ile," akasema, kila neno kwa taabu, "kitabu chako kilikosea."

Baba na mama wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika kamusi, imefunguka, bado ina unga wa maharage kwenye kurasa.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Kilikosea."

Wiki ile ile baba alisafiri hadi Mbulu, akaingia katika duka la yule mfanyabiashara, na mbele ya wateja wake akamwita tapeli aliyemuuzia mwanawe kitabu cha uongo. Yule bwana, aliyekuwa mpole na hakuelewa anashtakiwa kwa lipi, alimpa kamusi nyingine bure. Kijijini hakuna aliyeniletea karatasi tena. Walinionea huruma kwa kununuliwa kitabu kibovu. Mzee wa kanisa alikuja kumwomba shangazi radhi na kumrudishia meza ya Bwana, na akaniuliza pembeni kama shati lake nalo huenda lilisomwa vibaya. Nikamwambia hapana.

Kamusi ya kwanza ninayo mpaka leo. Kurasa zile mbili nazifungua bila kutafuta, na maneno yako palepale, yanasema vilevile.

Shangazi aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Mikono yake haikuweza tena kushika kijiko na macho yake yalikuwa yamekwisha, na kwa kuwa mimi sikuwa na kazi wala shule, nilipewa mimi kumlisha. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda na bakuli la uji, asubuhi na jioni. Mwanzoni nilikuwa namwambia ni uji wa nini, wa ulezi au wa mahindi, nikidhani angetaka kujua. Hakuwahi kuuliza. Akisikia kijiko kimegusa bakuli alikuwa anafungua mdomo, na chochote nilichokiweka humo alikimeza.